Mbweha Aliyetoka Fisi

Niliuchagua mchoro wangu kwa wiki tatu, maktabani, kama mtu anayechagua mke. Wenzangu pale chuoni walichorwa mwilini wakiwa wamelewa, wakaamka na nanga za meli na majina ya wasichana ambao hawakuwajua vizuri. Mimi sikuwa mtu wa hivyo. Mimi nilisoma kwanza.

Nilikuwa Zambia, katika mji mmoja wa machimbo ya shaba, mwaka wa mwisho wa diploma ya majokofu na umeme. Kasense, kwetu, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, niliondoka na darasa la saba, mashati mawili na anwani ya mtu ambaye nilipofika nilikuta amekwisha hama. Nilibeba matofali. Nilifagia gereji ya Mhindi mmoja, na jioni nikasoma masomo ya sekondari kwa taa ya chemli, mpaka nikafanya mtihani wa kuingia chuo na kuupasua. Watanzania tulikuwa wawili katika mwaka wetu, na mwenzangu alifeli. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kuyajua hamtaelewa nilivyofanya ile Jumanne.

Jumanne hiyo karani wa chuo alinipa simu ya maandishi kutoka posta ya Sumbawanga: BABA MAHUTUTI NJOO HARAKA. Mtihani wa vitendo ulikuwa unaanza Alhamisi, nao ulifanyika mara moja tu kwa mwaka. Kwa basi mpaka Mbala, kisha kwa lori lolote litakalovuka mpaka, ningefika nyumbani siku ya tatu. Niliikunja ile karatasi, nikaiweka ndani ya kitabu cha mitambo ya kupoza, ukurasa wa kompresa. Wiki mbili baadaye ilikuja ya pili: BABA AMEZIKWA. Kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza chuo kizima.

Nyumbani niliandika barua nikisema simu zote mbili zilinifikia siku moja.

Baada ya matokeo sikuwa na kazi, nikawa nashinda maktabani. Kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha kuhusu miungu ya mataifa, na sura nzima ya miungu ya kifo. Nilikisoma kama nilivyokuwa nikisoma michoro ya umeme, kwa kidole. Walikuwepo wengi. Wahindi wana Yama, anayepanda nyati na kushika kamba ya kunasia roho. Nilimpenda, lakini nikajua nikirudi Ufipa na nyati mkononi wataniuliza kama nimejiunga na wafugaji. Mexico walikuwa na mmoja mwenye uso wa mifupa mitupu na taji la manyoya. Huyo nilimwacha kwa sababu kila mhuni wa mitaa ya wachimbaji alikuwa na fuvu begani. Watu wa nchi za baridi kule Ulaya walikuwa na mwanamke, nusu yake nyama hai na nusu nyingine rangi ya bluu kama ya maiti. Mwanamke mfu sikumtaka mwilini mwangu. Nilitafuta hata ukurasa mmoja unaotuhusu sisi, sikuupata, na nakumbuka nilifurahi. Nilijiona nachukua kitu ambacho hakuna Mfipa aliyewahi kukichukua.

Nikamchagua Anubi wa Misri, mwenye mwili wa mwanamume na kichwa cha mbweha. Kitabu kilisema yeye ndiye anayeuosha mwili, anayeufunga sanda, anayemshika marehemu mkono na kumpeleka mbele ya mizani, ambako moyo wake unapimwa kwa unyoya. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi. Kumwosha, kumfunga, kumshika mkono: kazi zote ambazo mtoto wa kwanza wa kiume alipaswa kuzifanya kule Kasense, na hakuzifanya. Nilitaka huyo mwenye kazi yangu akae kwenye mkono wangu wa kulia, mahali nitakapomwona kila nikishika bisibisi. Ndiyo sababu yangu, na sikumwambia mtu.

Mchoraji alikuwa na kibanda nyuma ya soko. Mashine yake aliitengeneza kwa mota ya redio kaseti na sindano, na mota yenyewe ilikuwa inakwama, kwa hiyo kabla hajanichora nilimfungulia, nikamsafishia brashi, nikamrudishia ikizunguka kama mpya. Alinishangaa. Kitabu cha maktaba kilikuwa hakiruhusiwi kutoka, basi nikamweleza kwa mdomo. Nilisema nataka mwanamume aliyesimama, amevaa kikoi kifupi, ana kichwa cha mbweha, ila mbweha nilimtaja kwa Kibemba: chimbwi.

"Chimbwi?" aliuliza. "Una hakika, mkubwa?"

"Nina hakika. Wewe ulidhani sijui Kibemba? Kibemba chenu na Kifipa changu ni ndugu, tumbo moja."

"Watu hawachori chimbwi."

"Ndiyo maana mimi nachora."

Aliinua mabega, akaanza. Iliniuma kwa saa nne nzima.

* * *

Sikurudi nyumbani mara moja. Nilijiambia nakusanya vifaa, na kweli nilivikusanya: gesi ya kujazia, mita, pampu ya kunyonyea hewa, majokofu mawili ya mafuta ya taa yaliyochoka niliyoyafufua mwenyewe. Lakini mwaka uliisha, na nusu ya mwingine. Nilipovuka mpaka kwa lori nikiwa na mzigo wangu, nchi niliyoiacha ya foleni za sukari sikuikuta. Madukani kulikuwa na kila kitu. Sabuni za aina sita, redio, mitumba imerundikwa barabarani mpaka mtaa wa Milanzi, mjini. Nikasema moyoni, hapa pamenisubiri mimi.

Kwa mama ndiko kulikokuwa hakujabadilika kitu. Nilimkuta uani amevaa kaniki, nywele hazijasukwa, na shamba la baba lililo nyuma ya nyumba limeota nyasi za misimu miwili.

Inafaa nieleze. Katika ukoo wetu, sijui koo nyingine, tanga la baba mwenye nyumba halianuliwi mpaka mtoto arushe konzi ya kwanza ya ulezi shambani kwa marehemu, kwa mkono wa kulia. Anayeirusha ndiye anayekalia kigoda cha marehemu. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye baba wa nyumba ile. Mjane anavua kaniki, anasuka, analima. Kabla ya hapo haruhusiwi hata kufukia nyasi kwenye lile shamba. Mdogo wangu wa kike alikuwepo, lakini mtoto wa kwanza alikuwa hai, kwa hiyo walinisubiri. Mama alikaa na kaniki yake misimu miwili akinisubiri, wakati mimi nakusanya pampu.

Alinikumbatia akalia. Aliponiachia, macho yake yalishuka mpaka kwenye mkono wangu, maana nilikuwa na shati la mikono mifupi, kama ninavyopenda. Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga.

"Umeungua, mwanangu?"

"Hapana mama. Nimechorwa."

Mdogo wangu wa kike alisogea akainama, akatazama kwa karibu bila woga. Alikuwa na miaka ishirini hivi wakati huo. "Kaka," alisema, "mbona huyu fisi amevaa kikoi?"

Wanawake walicheka. Mmoja hakucheka, akaondoka. Kabla sijamaliza kunywa maji, baba mdogo alikwisha fika.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, mtu mwembamba aliyekuwa na kofia moja na maneno mengi. Nilimwamkia, akaitikia huku ananitazama mkono, si uso.

"Hebu nyoosha."

Nikanyoosha.

"Jina la mji huu, Sumbawanga, unalijua maana yake?"

"Nalijua, baba."

"Sema."

"Tupa uchawi."

"Babu zako waliutupa mpaka mji ukaitwa hivyo. Wewe umeenda kuuokota Zambia, ukaubandika."

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa: Misri, mto, makaburi ya wafalme, mbweha anayelinda wafu, mizani, unyoya. Nilisema huyu si mnyama wa wachawi, kinyume chake ni mlinzi. Nilisema ni mbweha.

"Mbweha?"

"Mbweha."

"Mimi naona fisi."

"Kwa kuwa hujasoma, baba. Usikasirike. Ni jambo la kusoma."

Baba mdogo akatuma mtu akamwite mfugaji mmoja, mtani wa baba.

Mfugaji huyu alikuwa Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa, upande wa Mtowisa, na ng'ombe wake. Alipanda juu kwetu kila alipokuwa na mauzo, akalala kwa baba, na wawili hao walikuwa wakitaniana tangu mimi mdogo. Kwa bahati alikuwa Kasense wiki hiyo. Alikuja na fimbo yake, akaelezwa kesi, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili kama anayekagua kwato.

"Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, "mimi hao wawili wanakuja zizini kwangu kila wiki. Mbweha ni mdogo, masikio yake yamesimama, yana ncha. Huyu masikio yake ya duara. Shingo nene. Huyu ni fisi. Tena ni fisi aliyeshiba."

"Wewe umesoma Misri?" nilimuuliza.

"Sijasoma Misri. Nimesoma ndama waliobaki miguu."

Watu wakaangua kicheko, hata mama. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka mbali mno kuja kufundishwa mnyama na mtu asiyejua kuandika jina lake. Nikarudia mbele ya wote kwamba ni mbweha, na kwamba kesho nitarusha ulezi kwa mkono huohuo.

"Kwa fisi?" alisema baba mdogo. "Fisi apande chakula cha kaka yangu? Hautaota ulezi, itaota mifupa."

* * *

Mchana ule mama aliniita nyuma ya jiko, tukakaa tukipukuchua maharage. Alifanya kazi yake muda mrefu bila kunitazama.

"Nieleze tena huyo mtu wa Misri. Anafanya nini?"

"Anaosha maiti. Anamfunga. Anamshika mkono."

"Halafu?"

"Halafu anapima moyo kwa unyoya."

"Wa ndege gani?"

Sikujua. Nilisema wa mbuni, nadhani.

"Unyoya mkubwa huo," alisema mama. "Ungekuwa wa kanga nani angepona?" Akatupa maganda pembeni. "Na simu zako zilikufikia pamoja."

"Ndiyo, mama."

"Siku moja."

"Ndiyo."

"Na mtihani ulikuwa lini?"

Nilipukuchua maharage matatu, manne. Nikamwambia. Nilimwambia Jumanne, Alhamisi, kitabu, ukurasa wa kompresa, yote. Nilipomaliza nilimwonyesha ule mkono na kusema ndiyo sababu.

Mama alifuta mikono kwenye kaniki yake.

"Baba yako alikataa usiitwe," alisema. "Alikuwa bado anaongea. Alisema, mwacheni amalize, akija sasa tutakuwa tumepoteza vyote viwili. Mimi ndiye niliyekaidi, nikamtuma mtani wake posta bila yeye kujua. Basi wewe umefanya alivyotaka. Hakuna deni hapo. Uliona deni ambalo halikuwepo, ukajilipa kwa ngozi yako."

Ningetaka kuandika kwamba nilimshukuru. Niliona kitu kingine kabisa. Niliona kwamba nimeumwa saa nne bure, nimekaa mwaka na nusu nje bure, na kwamba kila kitu nilichokibeba kama mzigo mtakatifu mama amekiweka chini kwa sentensi chache huku anapukuchua maharage. Nilijisikia kama mtu aliyekuta mlango anaoupiga bega haukufungwa.

Aliingia ndani akatoka na shati jeupe la mikono mirefu. Lilikuwa la baba, la kwendea misa. Lilinukia karafuu alizokuwa akiweka kwenye sanduku.

"Kesho vaa hili. Funga vifungo vya mikononi. Watu hawataona, shemeji yangu atakuwa hana la kusema, utarusha ulezi, tutakuwa tumemaliza. Nimechoka na nguo hii, mwanangu."

"Nijifiche? Kama mwizi mwenye alama?"

"Ujifunike. Kujifunika si kujificha."

"Kama baba mwenyewe hakuwa na lawama nami, hawa ni nani wa kunilaumu?"

"Hakuna anayekulaumu. Nakuomba shati."

Nikamwambia nitalifikiria. Sikulifikiria hata kidogo.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu na manyunyu, hali ya hewa nzuri ya kupandia. Vijana walikuwa wamefyeka na kurudishia matuta machache ya duara, yale yetu ya kufukia nyasi chini, na udongo ulikuwa mweusi na laini. Ukoo wote ulisimama pembezoni. Mama alishika ungo wenye ulezi mkono mmoja, na mwingine ameshika shati, limekunjwa. Nilikuja na mikono mifupi. Nilipita katikati yao, nikamfikia, nikanyoosha mkono kwenye ungo.

Baba mdogo alivua kofia yake, akaufunika ulezi.

"Vaa kwanza."

"Ondoa kofia, baba."

"Vaa."

Hapo nikahutubia. Nasema nikahutubia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisema mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo huu kuwa na diploma. Nilisema nimerudi na mashine ambazo mkoa mzima hauna. Nilisema nchi imefunguka, watu wanafanya biashara na dunia nzima, na nyie bado mnaogopa picha. Hadi hapo labda wangenisamehe. Lakini nilimalizia hivi: "Kama mnaamini ulezi unaoteshwa na shati, basi lizikeni shati, mlipalilie."

Kijana mmoja alicheka, akajizuia. Lilikuwa shati la marehemu. Mtani wa baba, yule mfugaji ambaye kazi yake ilikuwa kutania, aligeuza uso akatazama upande mwingine.

Mama aliiondoa kofia akamrudishia mwenyewe, akaliweka shati juu ya ulezi, akajitwika ungo kichwani, akarudi nyumbani. Kaniki yake ilikuwa imelowa chini kwa umande. Mimi nilipanda pikapu ya kwanza kwenda mjini.

* * *

Kazi yangu ilikwenda vizuri, na sitajifanya haikwenda. Nilifungua karakana Milanzi, na mbele yake kibanda cha soda. Umeme wa mji ulikuwa wa kukatika, lakini majokofu yangu yalikuwa ya mafuta ya taa, hivyo soda yangu ilikuwa baridi saa zote, na watu walitembea kutoka upande wa pili wa mji kuja kuishika tu chupa kwenye shavu. Zahanati ziliniletea majokofu ya chanjo. Mpaka watu wa ofisini walinisubiri kwenye benchi. Wakaniita Fundi Fisi. Vijana walikuwa wakiita toka barabarani: "Mambo, Fundi Fisi! Leo umekula nani?" "Poa," nawajibu, "njoo karibu nikuonyeshe." Biashara haikatai jina. Kila aliyeuliza nilimweleza Misri, nikarekebisha: mbweha.

Msimu ule shamba la baba halikupandwa. Nilipeleka nyumbani sukari, mafuta, kitenge kipya cha mama. Kitenge alikipokea, akakiweka. Nilikuwa nikituma kwa mtu, siendi mwenyewe. Nilikuwa nasubiri waniombe radhi.

Msimu uliofuata, mvua zikiwa zimekwisha kolea, dereva wa lori wa Kizambia aliniletea jokofu lililokwama. Nilikuwa nimeingiza mkono wa kulia nyuma ya mashine, yeye ananishikia tochi. Akacheka peke yake.

"Mkubwa, nani alikuchora chimbwi?"

"Ni mbweha," nilisema, nikaongeza kwa Kibemba nilichojivunia, "chimbwi wa Misri."

"Mbweha si chimbwi. Mbweha ni mumbwe. Yule mdogo, masikio marefu. Chimbwi ni huyu wako." Akaiga mlio wa fisi, akaiga vizuri.

Nilikaa chini sakafuni kati ya spana. Una hakika, mkubwa? aliniuliza yule mchoraji. Alinichorea nilichoagiza, bila kosa hata la mstari mmoja. Mumbwe, chimbwi. Neno moja nililolijua kwa kudhani, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba ujuzi kiasi cha kutouliza. Mdogo wangu wa kike aliona fisi kwa kutazama tu. Mfugaji aliona. Baba mdogo aliona, nikamwambia hajasoma. Mama aliona pia, na yeye peke yake hakujali ni mnyama gani. Alitaka kifunikwe kwa asubuhi moja.

Nilimaliza lile jokofu siku hiyo, maana sijawahi kuacha kazi njiani. Kesho yake nilinunua shati la mikono mirefu, jeupe, nikalivaa, nikafunga vifungo vyote, nikafunga karakana. Njiani nilikuwa napanga maneno. Ningemwomba mama radhi mbele ya watu. Ningemwambia baba mdogo, kweli alikuwa fisi. Ningerusha ulezi siku hiyohiyo. Ungekuwa umechelewa kidogo, lakini ungeota.

Nilipokata kona ya mwisho niliona shamba la nyuma ya nyumba. Lilikuwa kijani. Matuta yote, toka mwanzo mpaka mwisho, ulezi umefika magotini na palizi ya kwanza imekwisha fanyika. Nilisimama pale kwa muda nikitafuta mahali ambapo hapajapandwa.

Uani walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Mama alikuwa amesuka, mistari myembamba ya kwenda nyuma, na amevaa kile kitenge nilichomtumia. Alikuwa amependeza, tena alikuwa mnene kidogo. Alinikaribisha vizuri, bila machozi na bila hasira. Nikaanza kusema yale niliyoyapanga, neno la kwanza na la pili, baba mdogo akaninyamazisha kwa kuinua kigunzi cha hindi.

"Subiri. Umeingia kwenye nyumba ya watu unaanza na hotuba? Msalimie baba yako kwanza."

"Shikamoo, baba," nilimwambia.

"Mimi nimesema baba yako. Mimi ni baba mdogo."

Akaelekeza kigunzi upande wa mlango. Kwenye kigoda cha baba, kile cha miguu mitatu, alikuwa amekaa mdogo wangu wa kike, anapepeta maharage. Yule niliyembeba mgongoni akiwa mchanga, niliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi. Nilidhani ni utani, nikaangalia kama kuna anayecheka. Hakuna aliyecheka.

"Mama yako alikungoja wakati ule," alisema baba mdogo, na kwa mara ya kwanza alisema polepole. "Msimu huu alisema hangoji tena. Alimpa ungo huyu. Karusha. Umeota, unauona. Sasa baba wa nyumba hii ni yeye. Hata mimi naitwa mdogo wake."

Nilimtazama mama anisaidie. Alikuwa anatoa punje za hindi moja moja kwa kidole gumba, anazikusanya kiganjani.

Nilimzidi mdogo wangu miaka saba. Nilikuwa na diploma, karakana, na jina linalojulikana mji mzima. Niliinama kidogo, kama inavyopasa, na ile mikono mipya ya shati ilinibana kwenye vifundo.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Aliniangalia. Nilimwona anataka kucheka, anataka kuniita kaka kama siku zote, kisha nikaona anajizuia, na uso wake ukatulia mahali ambapo sikuwahi kuuona.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mjini mvua zinanyesha?"

"Zinanyesha kidogo."

"Utalala, au unarudi leo?"

Nikamwambia narudi leo. Akamwomba mama anifungie mahindi mabichi ya kuondoka nayo.